Kumiliki Ndege Ndogo: Gharama Zake na Hukumu Zake katika Fiqhi

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Sahaba zake. Ama baad.

Limetufikia swali kutoka Kaoze, katika bonde la Ziwa Rukwa, chini ya mporomoko wa Lyamba lya Mfipa. Waulizaji ni wakulima wa mpunga, wafugaji na wafanyabiashara ambao Allah amewakunjulia riziki. Wanasema kwamba wakati wa masika barabara za bondeni hukatika, na mgonjwa mahututi au mama mwenye uchungu hushindwa kupandishwa Sumbawanga, licha ya kufikishwa hospitali ya rufaa ya Mbeya. Wao wana nia ya kuchangishana wanunue ndege ndogo na kuifanya wakfu. Wanauliza mambo matatu. Je, inafaa? Je, fedha za zaka zinaweza kuingia humo? Na je, akiinunua mtu mmoja kwa matumizi yake, huo ni ubadhirifu?

Nia hii ni njema na Allah ailipe. Lakini maulamaa wetu wana kanuni isemayo kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu kitu chenyewe. Mtu hawezi kusema halali au haramu, bora au si bora, juu ya jambo asilolijua sura yake. Na sura ya ndege haipo katika mabawa yake tu bali imo katika hesabu yake. Kwa hiyo, ndugu msomaji, tutaanza na hesabu kisha tuingie katika hukumu.

ASILI YA HUKUMU

Asili ya vipando ni uhalali. Katika Suratun Nahl, aya ya 8, Allah (S.W.) amewataja farasi, nyumbu na punda kuwa ni vya kupanda na ni pambo, kisha akaeleza kwamba Yeye huumba na vingine tusivyovijua. Wafasiri wengi wa zama zetu wameingiza gari, meli za mashine na ndege katika maana ya aya hiyo. Kwa hiyo hakuna anayeweza kumwambia Muislamu kwamba kumiliki ndege ni haramu kwa sababu tu ni ndege.

Ubadhirifu uliokatazwa katika Suratul Israa, aya ya 26 na ya 27, haupimwi kwa ukubwa wa bei. Hupimwa kwa mali kutumika pasipo mahali pake. Tajiri mwenye mashamba katika mikoa mitatu, ambaye ndege humwokolea siku na kumpatia faida, si mbadhiri. Na mtu wa kati anayeinunua ili aonekane, kisha ikakaa bandani huku madeni yakimwandama, huyo ameingia katika makatazo hata kama aliipata kwa bei ya chini.

FUNZO KUTOKA ANDALUSIA

Katika historia yetu yumo Abbas bin Firnas, mwanachuoni wa Andalusia aliyefariki mwaka 274 Hijria (887 Miladia). Al-Maqqari, mwanahistoria aliyefariki mwaka 1041 H (1632), ameeleza kwamba bwana huyu alijivika manyoya, akajitengenezea mabawa mawili, akaruka angani masafa kadhaa. Kutua ndiko kulikomshinda, akaumia mgongo. Waliosimulia wakasema kwamba hakujua kuwa ndege wa angani hutua kwa msaada wa mkia wake, naye hakujitengenezea mkia.

Mwingine ni Ismail bin Hammad Al-Jawhari, mwenye kamusi mashuhuri ya Sihah ambayo wanafunzi wa Kiarabu wanaijua hadi leo. Inasimuliwa kwamba alipanda juu ya msikiti huko Nishapur akiwa amejifunga mabawa, akaanguka na kufa.

Visa hivi tunavitaja kwa sababu ya mkia. Wengi wanaotamani kumiliki ndege huhesabu mabawa, yaani bei ya kununua. Mkia, yaani gharama za kila mwaka na kila saa, huusahau. Na kama ilivyokuwa kwa Ibn Firnas, aliyesahau mkia huumia wakati wa kutua.

NDEGE KATIKA ARDHI YETU

Watu wa bonde la Rukwa si wageni wa ndege ndogo. Bonde hili ni miongoni mwa mazalio makuu ya nzige wekundu katika Afrika. Wimbi kubwa la nzige hao lilienea sehemu kubwa ya Afrika ya kusini na mashariki kuanzia mwaka 1930 hadi 1944. Mwaka 1949 likaanzishwa shirika la kimataifa la kuwadhibiti, makao yake yakiwa Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, nchini Zambia, ng'ambo tu ya mpaka kutoka Ufipa. Katika miaka ya 1950 ndege zilikuwa zikinyunyizia sumu katika mbuga za Rukwa. Baadaye kazi hiyo ikashikwa na shirika la nchi za Afrika ya Kati na Kusini lenye makao Ndola. Mwaka 2009 nzige walipozidi katika maeneo ya Katavi, Rukwa na bonde la Malagarasi, walipigwa kwa dawa itokanayo na kuvu badala ya sumu ya kawaida, katika eneo la hekta 10,000 hivi.

Kwa upande wa tiba, mwaka 1957 madaktari watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege katika Afrika Mashariki, ambayo ndiyo chanzo cha AMREF. Kituo cha ndege zake ni uwanja wa Wilson, Nairobi. Uwanja huo una jina la Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha kampuni ya ndege ndogo mwaka 1929. Kampuni hiyo haikuvuka Vita Kuu ya Pili.

Angalia jambo moja katika habari hizi. Ndege za nzige zilimilikiwa kwa michango ya nchi kadhaa. Ndege za madaktari zimesimama kwa misaada, malipo na ada za wanachama wengi. Ndege iliyodumu kuhudumia watu ni ile ambayo nyuma yake palikuwa na chemchemi ya fedha isiyokauka.

BEI YA KUNUNUA

Ndege ndogo inayojulikana zaidi duniani ni Cessna 172, yenye viti vinne, iliyoanza kuuzwa mwaka 1956 na ambayo zimetengenezwa zaidi ya 44,000. Iliyotumika tangu miaka ya 1970 mara nyingi huuzwa kati ya dola 60,000 na 150,000 za Marekani, kulingana na hali yake. Mpya hupita dola 400,000. Lakini ndege hiyo haitoshi kumlaza mgonjwa pamoja na muuguzi wake. Kwa kazi hiyo watu hutumia Cessna 206 yenye viti sita, ambayo hata iliyotumika hufika dola laki kadhaa. Juu yake ipo Cessna Caravan, ile ya injini ya tabo tunayoiona katika safari za ndani za Tanzania, ambayo ikiwa mpya bei yake hupita dola milioni 2.

Anayenunua ndege iliyotumika ajue kwamba ananunua na vitabu vyake. Kila ndege ina daftari la kiunzi na daftari la injini ambamo huandikwa kila saa iliyoruka na kila tengenezo lililofanyika. Daftari likipotea, thamani hushuka sana, maana hakuna ajuaye kilicho ndani. Hapa sheria yetu ina neno. Muuzaji anayejua aibu ya bidhaa yake na kuificha ameingia katika onyo la Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta ndani limelowa. Mnunuzi naye ana khiyari ya kurudisha kwa aibu ya zamani. Lakini khiyari hiyo ni ngumu kuitumia muuzaji akiwa bara jingine. Kwa hiyo amtume wakili, fundi mwenye leseni asiyehusiana na muuzaji, aikague ndege kabla ya fedha kutoka.

Kisha kuna kuileta, kuisajili kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ili ipate alama zinazoanza na 5H, na kuipatia cheti cha kustahiki kuruka. Yote hayo yana ada zake.

GHARAMA ZA MWAKA, IRUKE ISIRUKE

Fungu hili ndilo linalowashangaza watu, kwa sababu halijali kama ndege imeruka au imelala. Ndani yake mna bima, maegesho au banda, ukaguzi mkubwa wa kila mwaka, vibali, na mshahara wa rubani ikiwa mwenye ndege si rubani. Rubani wa kulipwa huhitaji leseni ya biashara, ambayo kwa kawaida haipatikani kabla ya kuruka saa 200 hivi, na huhitaji cheti cha afya kinachopimwa upya mara kwa mara. Haajiriwi siku ya safari tu kama kibarua wa kupakia magunia.

Tena ndege iliyolala haiachi kuharibika. Injini isiyowashwa hushika kutu ndani, mipira hukauka, wadudu hujenga katika mirija. Gari bovu husimama kando ya barabara, abiria wakashuka. Ndege bovu haina kando ya kusimama.

GHARAMA ZA KILA SAA

Cessna 172 hunywa lita 30 hadi 35 kwa saa, na Cessna 206 karibu lita 60. Mafuta yake si ya gari wala si yale ya ndege kubwa. Ni petroli maalumu ya ndege, ambayo katika Afrika Mashariki haipatikani katika kila kiwanja. Anayetaka kuruka kutoka Sumbawanga lazima afikirie mapipa yatakayosafirishwa kwa lori, na nauli ya lori huingia katika bei ya kila lita.

Halafu kuna ukaguzi wa kila saa 100 za kuruka. Na injini yenyewe ina umri. Injini nyingi za aina hii watengenezaji wamezipangia saa 2,000 au karibu na hapo, kisha zifumuliwe zote na kujengwa upya kwa makumi ya maelfu ya dola. Kwa hiyo kila saa inayoruka ni deni dogo linaloandikwa juu ya mwenye ndege, hata kama hakuna anayemdai siku hiyo.

Na ardhi yetu ina gharama yake. Sumbawanga ipo mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa miaka mingi njia ya kurukia katika uwanja wake ilikuwa ya changarawe. Hewa ya juu ni nyepesi. Injini ya kawaida hupoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake katika kimo hicho. Basi ndege hukimbia masafa marefu zaidi kabla ya kuinuka na hubeba mzigo pungufu. Bondeni hewa ni nzito zaidi, karibu mita 800 tu, lakini kuna joto, na ndege ikitoka huko lazima ipande mita 1,000 kuuvuka mporomoko.

Liko na jambo ambalo waulizaji wetu walitazame kwa makini. Masika ile ile inayokata barabara hulowesha na kiwanja cha udongo. Udongo wa mfinyanzi wa mbugani ukilowa haupokei gurudumu la ndege. Kwa hiyo ndege isiyo na kiwanja kilichoinuliwa, kumwagiwa changarawe na kuchimbiwa mitaro itakosekana hasa katika miezi iliyonunuliwa kwa ajili yake. Na kiwanja kisicho na taa hakimsaidii mama aliyeshikwa na uchungu usiku.

HESABU YA MFANO

Sasa tuweke tarakimu. Hizi ni za kukadiria tu, ili msomaji aone njia ya kuhesabu, kila mmoja abadilishe kulingana na bei atakayoikuta. Tuchukue Cessna 206 iliyonunuliwa kwa dola 250,000, na dola moja tuikadirie kwa shilingi 2,500. Bei ya kununua ni shilingi 625,000,000.

Gharama za mwaka: bima asilimia 4 ya thamani, dola 10,000, maegesho dola 3,000, ukaguzi wa mwaka na vibali dola 5,000, rubani dola 1,500 kwa mwezi, sawa na 18,000. Jumla ni dola 36,000, yaani shilingi 90,000,000 kila mwaka kabla pangaboi haijazunguka hata mara moja. Katika miaka saba fungu hili peke yake linafika dola 252,000, nalo limeipita bei ya ndege yenyewe.

Gharama za saa: mafuta lita 60 kwa dola 2.50, sawa na 150. Akiba ya injini, ikiwa kuifumua ni dola 60,000 kwa saa 2,000, sawa na 30. Matairi, oili, pangaboi na ukaguzi wa saa 100, tuseme 30. Jumla ni dola 210 kwa saa.

Kutoka Sumbawanga hadi Mbeya kwa mstari ulionyooka ni kilomita 225 hivi. Ni kama saa moja kwenda na saa moja kurudi. Ikiwa ndege itaruka saa 30 tu kwa mwaka, yaani safari 15 za wagonjwa, kila saa itagharimu dola 1,410 na kila safari shilingi 7,050,000. Ikiruka saa 100, safari hiyo hiyo itagharimu shilingi 2,850,000. Ikiruka saa 300, itagharimu shilingi 1,650,000. Ndege ni ile ile na njia ni ile ile. Kilichobadilika ni wingi wa kazi.

Sasa ilinganishe na kukodi. Tuseme mwenye kampuni atatoza shilingi 5,000,000 kwa safari, pamoja na kuja mtupu. Safari 15 zitakuwa shilingi 75,000,000, wakati za ndege ya kumiliki ni 105,750,000. Kumiliki kutaanza kuwa nafuu kuanzia safari ya 23 kwa mwaka, na hapo hatujaigusa ile milioni 625 ya kununulia.

JE, MATENGENEZO NI WAJIBU KISHERIA?

Imam Nawawi (Allah amrehemu), aliyefariki mwaka 676 H (1277), ameeleza katika Minhaj kwamba mwenye mnyama ni wajibu kumlisha na kumnywesha. Akikataa, hulazimishwa amuuze, au amlishe, au amchinje kama ni wa kuliwa. Ama mali isiyo na roho, kama nyumba na mfereji, mwenyewe hawajibiki kuitengeneza. Akisema mtu, ndege haina roho, basi niiache kama nyumba mbovu, jibu ni kwamba ana haki hiyo maadamu imefungwa bandani na hapandi mtu. Siku atakapompakia mtu, suala limetoka katika mlango wa mali na kuingia katika mlango wa roho za watu. Kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana inamfunga. Aliyejua kwamba ukaguzi umepita muda wake akaruka, naye ameshazembea, na dhamana ya kilichoangamia iko shingoni mwake.

Kwa hiyo, kwa mwenye ndege inayoruka, akiba ya injini haina tofauti na majani ya ngamia. Asiyeweza kuiweka auze, kama mwenye mnyama anavyoamrishwa.

USHIRIKA

Njia moja ya kupunguza mzigo ni watu kumiliki kwa hisa, kama wazee wetu wa pwani walivyoshirikiana majahazi. Ushirika wa milki unafaa. Kanuni yake ni al-ghurmu bil-ghunmi, anayekula faida ndiye abebe hasara, na kila mmoja achangie kwa kadiri ya fungu lake. Wanaweza kupeana zamu za kutumia, na mmoja haichukui bila idhini ya wenzake.

Lakini kuna mtego. Katika kauli mpya ya Imam Shafi, mshirika wa ukuta halazimishwi kutengeneza pamoja na mwenzake, kinyume na kauli yake ya kale. Ukiipima ndege kwa ukuta, injini ikifika saa 2,000 na mmoja kati ya watano akagoma, wanne wamekwama. Dawa ni kukubaliana mapema. Kila mwezi kila hisa itoe kiasi maalumu kiwekwe akiba ya matengenezo. Na asiyeweza tena auze hisa yake kwa thamani itakayokadiriwa na mjuzi. Yote yaandikwe na kushuhudiwa, kwani Allah (S.W.) ametuelekeza kuandika madeni katika Suratul Baqara, aya ya 282.

Wajue pia kwamba ndege iliyosajiliwa kwa matumizi binafsi hairuhusiwi kisheria kubeba abiria kwa nauli. Kazi hiyo hutaka cheti cha mwendeshaji wa biashara, chenye masharti na gharama zaidi. Kumtii mwenye mamlaka katika jambo la kulinda roho za watu ni katika dini.

MKOPO NA BIMA

Kununua kwa mkopo wa riba hakufai, na wingi wa faida hauhalalishi. Anayehitaji muda atafute muuzaji wa kulipwa kwa awamu kwa bei moja iliyokatwa, au benki ya Kiislamu itakayoinunua kwanza na kuimiliki, kisha imuuzie.

Bima ni nzito zaidi, kwa sababu sheria za usafiri wa anga huidai. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jeddah, katika kikao chake cha pili mwezi Desemba 1985, iliharamisha bima ya kibiashara na kuhalalisha bima ya kusaidiana, ambayo leo watu huiita takaful. Kenya ilipata kampuni ya takaful mwaka 2011. Kwa hiyo mwenye ndege aanze kuulizia takaful. Akiikosa, na sheria ikamlazimisha, achukue kile kiwango cha chini alicholazimishwa. Dharura hupimwa kwa kadiri yake.

ZAKA

Hakuna zaka katika ndege ya kutumia mwenyewe, kwa kuipima na hadithi ya Abu Hurayra (R.A.) kwamba Muislamu hatoi zaka ya farasi wake. Vipuri vyake ni hivyo hivyo. Ndege ya kukodisha haina zaka katika kiwiliwili chake. Kodi iliyopatikana, ikifika nisabu na ikapitiwa na mwaka, hutolewa asilimia mbili na nusu. Majmaa ya Jeddah imeamua hivyo hivyo mwaka 1985 katika majengo ya kukodisha. Ama mwenye kununua ndege ili aziuze, hizo ni mali za biashara, na zaka yake ni katika thamani kila mwaka.

Ama kununua ndege kwa fedha za zaka, katika madhehebu yetu ya Shafi haifai. Zaka ina watu wanane waliotajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60, na sharti ni kumilikishwa wao. Ndege ya jamii haimilikishwi fakiri. Lakini fakiri mgonjwa anayehitaji nauli ya kufika hospitali anaweza kupewa zaka akalipia safari yake.

JAWABU LA WAKFU

Sasa tufike kwenye wakfu. Katika madhehebu ya Shafi vitu vinavyohamishika hufaa kuwa wakfu maadamu vinabaki na vinatoa manufaa. Khalid bin Walid (R.A.) aliweka wakfu deraya na zana zake katika njia ya Allah, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim. Basi ndege kuwa wakfu inafaa kwa asili.

Kufaa ni jambo moja na kuwa bora ni jambo jingine. Matengenezo ya wakfu hutoka pale alipopanga mwenye kuweka wakfu, au katika pato la wakfu wenyewe. Ndege ya kubeba wagonjwa bure haina pato. Ina mdomo wa kula shilingi 90,000,000 kila mwaka. Wakichanga mara moja kwa furaha na wasiweke chemchemi, mwaka wa tatu itakuwa chuma kinachoota nyasi. Mchango wa watu utakuwa umepotea, na mgonjwa atabaki pale pale alipokuwa.

Rai yetu ni kwamba kwa idadi ya safari wanazozitaja, waliache wazo la kununua ndege na waweke wakfu kitu chenye kuzaa. Kaoze ni nchi ya mpunga. Waweke wakfu mashine za kukoboa mpunga, ghala la kukodisha, na nyumba za kupanga Sumbawanga mjini. Pato, baada ya kutoa matengenezo ya mashine hizo, lifungwe kwa sharti la kuwasafirisha wagonjwa wa bonde. Katika siku ambazo barabara inapitika, lilipie gari. Isipopitika, lilipie kukodi ndege. Kwanza kabisa lijenge na kutunza kiwanja cha changarawe kisichoshindwa na masika, maana bila hicho hata ndege ya kukodi haitatua. Sadaka za kawaida ziingie humo, na zaka zibaki kwa mafakiri.

Katika kukodi, mkataba na kampuni uwe wa huduma iliyo katika dhima. Ielezwe njia, uzito, idadi ya watu na nani anatoa mafuta. Katika madhehebu yetu malipo ya ijara ya namna hii hukabidhiwa katika kikao cha mkataba, kwa hiyo fedha za wakfu ziwe tayari kabla ya simu kupigwa. Na matengenezo ya ndege yawe juu ya mwenye ndege, asibebeshwe mkodishwaji.

Ikiwa baada ya miaka michache daftari la wakfu litaonesha kwamba safari zimepita 23 kwa mwaka na pato linazidi, hapo wakae tena na kuhesabu upya. Wakati huo watakuwa na mkia kabla ya mabawa.

Tunamuomba Allah (S.W.) azitakabali nia zao, awaponye wagonjwa wetu na atujaalie tuwe wenye kufanya jambo kwa elimu. Wallahu aalam.